Kiungo Asiyetazama Pembeni

Jumamosi, 4 Septemba 1999

Chuo kimefunguliwa leo. Joto bado lile lile la Agosti, na nyasi za uwanja wetu hapa Nizwa, Oman, zimeungua upande mzima wa magharibi.

Ustadh Humaid, mkuu wa shughuli za wanafunzi, kaniita ofisini kwake kanipa fomu za tathmini. Anataka nimpime kila mshambuliaji, na kiungo anayewalisha mipira, kabla ya ligi ya vyuo kuanza. Mechi ya kwanza ni tarehe tatu Novemba, hapa hapa kwetu, tunacheza na chuo cha Sur. Kaniambia kwa Kiarabu chake cha taratibu kwamba mwaka jana nilichagua kwa mapenzi, mwaka huu nichague kwa karatasi. Mwaka jana tulitolewa mapema, na aliyechagua ni mimi.

Fomu ina mistari minne kwa kila mchezaji: mbio, udhibiti wa mpira, pasi, adabu. Mistari minne haimtoshi mtu. Ndiyo maana nimenunua daftari hili.

Jumatatu, 6 Septemba

Mazoezi ya kwanza, saa kumi na nusu mpaka karibu na magharibi.

Nina washambuliaji watatu. Wa kati ni Mahrous wa Ashkhara, mrefu, kichwa chake kinafika pahala ambapo wengine hawafiki. Kulia ni Wadhah, mtoto wa milima ya Jabal Akhdar, kimya, mbio kama za mbuzi wa huko kwao. Kushoto ni Marzouq. Watu wake walikuja kutoka Tabora mwaka wa tisini, naye Kiswahili chake ni cha bara, kikubwa, cha kujaza uwanja.

Kiungo ni Yazeed wa Ibra. Mamake, Bi Radhia, ni mtu wa Kikwajuni ya Zanzibar kama mimi, tulisoma skuli moja kabla ya mapinduzi kututawanya. Kwa hivyo Yazeed haniiti ustadh kama wenzake, ananiita ami, kama ndugu wa babake. Miguu yake hata mtu asiyejua mpira akiitazama atatulia. Mpira ukimfika unanyamaza.

Jumatano, 8 Septemba

Mbio fupi tu leo. Wadhah wa kwanza, Marzouq wa pili, Mahrous kama ngamia.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimehesabu pasi. Yazeed katoa hamsini na tatu, arobaini na nne zimefika. Sijapata kuona hesabu kama hiyo katika miaka kumi na tisa niliyofundisha.

Lakini kelele, kama za mwaka jana na zaidi. Marzouq hanyamazi hata kidogo. "Kuume! Kushoto! Mgongoni una mtu! Wadhah yuko wazi, kuume!" Tena kwa Kiswahili, ilhali nusu ya timu haijui hata neno. Nikamwuliza kwa nini hasemi Kiarabu. Akasema Kiswahili kinamtoka chenyewe. Nikaona ni ujeuri wa watu wa bara, hawajui kwamba hapa mtu unajifunza kuteremsha sauti.

Jumatatu, 13 Septemba

Vumbi. Tumevunja mazoezi.

Jumatano, 15 Septemba

Yazeed kanikasirisha. Baada ya mazoezi nilisimama ubavuni mwake nikamnyooshea mkono kumpongeza. Kanipita kama mti. Marzouq akamshika bega, akamnong'oneza, ndipo akageuka akacheka, akanipa mkono na kuniambia shikamoo ami. Shikamoo ya kukumbushwa sina haja nayo. Nimeandika kwenye fomu, mstari wa adabu: "Anajiona."

Jumamosi, 18 Septemba

Ustadh Humaid alikuja kutazama. Aliposikia Kiswahili cha Marzouq uso ukamkunjika. Baadaye kanieleza kwamba wanafunzi wawili wamelalamika: timu imekuwa ya Wazanzibari, jina letu sote tunaosema Kiswahili, na wengine wanajiona wageni katika uwanja wao wenyewe. Hakusema kwa ubaya, nami nilimwelewa. Mtu aliyekuja nchi hii kijana, akaambiwa miaka na miaka kwamba Kiarabu chake kimepinda, anaelewa upesi mambo hayo.

Nimemwahidi nitalimaliza.

Jumatatu, 20 Septemba

Nimetangaza: hakuna kupiga kelele uwanjani, kwa lugha yoyote. Mchezaji atumie macho yake.

Marzouq akaomba kusema, nikamkatalia. Yazeed aliinama akafunga kamba ya kiatu, na kamba ilikuwa imefungwa.

Jumatano, 22 Septemba

Pasi hamsini na moja, zilizofika ishirini na sita. Nimesema ni uchovu.

Jumamosi, 25 Septemba

Ishirini na nne. Karibu zote kwa Mahrous, aliye mbele yake moja kwa moja. Wadhah kakimbia pembeni jioni nzima, hakupata hata mipira mitatu. Marzouq mmoja tu, na kwa bahati.

Shukriya, mke wangu, kanisikia nikinung'unika mezani. Akauliza labda wamegombana wale vijana. Nikasema vijana wote hugombana. Akasema, "Basi waulize." Nikamwambia mimi ni mwalimu wa michezo, si kadhi.

Jumatatu, 27 Septemba

Yazeed kajikwaa kwenye koni za mazoezi mara mbili. Wenzake walicheka, naye kacheka kuliko wao.

Jumamosi, 2 Oktoba

Jua linawahi kuzama sasa. Saa kumi na mbili kasorobo limeshajificha nyuma ya mlima na uwanja umekuwa buluu. Nimeona kwamba mchezo wa Yazeed unaharibika zaidi katika nusu saa ya mwisho. Nimeandika: "Hana pumzi." Halafu nikakumbuka kwamba kwenye mbio ndefu aliwashinda wote isipokuwa Wadhah. Nikaacha lile neno kama lilivyo, maana sikuwa na jengine.

Jumatano, 6 Oktoba

Leo Marzouq kavunja amri. Mpira ulikuwa kwa Yazeed, beki anamjia kwa ubavuni, na Marzouq akapiga ukelele, "Kushoto kwako!" Yazeed akageuka, akampita yule beki, akatoa pasi ya mita thelathini mguuni kwa Marzouq. Ilikuwa nzuri mno hata mabeki walisimama.

Nikapuliza kipenga nikamtoa Marzouq nje ya uwanja. Ilibidi, amri ni amri. Alikuja akasimama mbele yangu akasema kwa upole, kinyume na kawaida yake, "Mwalimu, niache niite. Nitaita kwa Kiarabu. Nitaita pole pole." Nikamwambia akae.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimewachunguza wale wawili. Wanakuja pamoja na wanaondoka pamoja, katika gari la Marzouq. Yazeed ana miaka ishirini na moja na hana leseni. Kijana wa Kiomani wa miaka ishirini na moja bila ya leseni ni jambo la kushangaza, nami nikalieleza kwa uvivu: tajiri wa miguu anapenda kuendeshwa.

Basi Marzouq ni mtumishi wake, nikasema. Na mtumishi huharibu bwana wake.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimepeleka orodha. Wachezaji kumi na wanane. Mahrous na Wadhah wamo. Yazeed yumo, kiungo, namba kumi, kwa sababu hakuna mwengine wa kumkaribia hata akiwa hivi alivyo. Marzouq hayumo. Nimeandika: "Mbio nzuri, udhibiti wa kutosha, pasi nzuri. Adabu: hasikii amri. Anamvuruga kiungo."

Nimetia sahihi. Ustadh Humaid akagonga muhuri mbele yangu, karatasi ikaenda Maskati, kwa wasimamizi wa ligi, kwa faksi.

Jumamosi, 16 Oktoba

Majina yamebandikwa. Marzouq alisoma, akanipa mkono, akaondoka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi.

Jumatatu, 18 Oktoba

Leo nitaandika kirefu.

Yazeed kaja ofisini saa nne ya asubuhi. Kafunga mlango, kakaa, kaweka mikono juu ya magoti kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wa Kurani. Akasema, "Ami, usimlaumu Marzouq. Mimi sioni pembeni."

Nilidhani anasema kwa mfano. Nikaanza kumpa nasaha za kiungo: inua kichwa, tazama kabla mpira haujakufika. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Sioni, ami. Mbele naona. Huku na huku hapana kitu. Na jua likizama, hata mbele panakwenda."

Nikanyoosha mkono wangu, taratibu, ubavuni mwa uso wake. Akaendelea kunitazama machoni. Nikauchezesha ule mkono. Hakujua. Nikausogeza mbele, mbele zaidi, mpaka ulipokaribia pua ndipo akasema, "Sasa nauona."

Nikaurudisha mkono mezani.

Akanieleza. Ni maradhi ya ukoo, yamo katika damu ya mamake. Wajomba zake wawili wanaongozwa kwa mkono. Daktari wa Maskati alimwona miaka miwili nyuma, akamwambia ni utando wa nyuma ya jicho unaokufa kuanzia kingoni, hauna dawa wala upasuaji, na atakapofika miaka thelathini hatabakiwa na kitu. Yalipoanza alikuwa bado skuli. Marzouq ndiye aliyegundua, walipokuwa mwaka wa kwanza, na wakabuni njia yao: Marzouq anaona, anaita, Yazeed anatoa pasi. Kiswahili walikichagua ili maadui wasielewe. Kuume, kushoto, mgongoni. Miaka miwili wamecheza hivyo, nami nimekaa ukingoni na kalamu na sikujua.

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku niliyowakataza kelele. Akasema, "Ungenitoa."

Ningemtoa, kweli.

Anasomea ualimu wa michezo. Chuo kikijua, atapelekwa kupimwa na watamhamisha. Hilo analijua, na anajua halikwepeki, ila aliomba kitu kimoja. "Niache nicheze hii ya kwanza, ami. Mchana. Baada ya hapo andika unavyotaka."

Nikamwambia nitanyamaza mpaka mechi hiyo, na nitamrejesha Marzouq. Ndizo ahadi pekee zilizonijia kinywani.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimekwenda kwa Ustadh Humaid. Nikasema nimekosea, Marzouq anastahili. Akaniuliza kipi kilichobadilika tangu Jumatano. Sikuweza kumwambia. Akaitoa nakala ya orodha kwenye faili, akaiweka mbele yangu, akauliza sahihi ni ya nani.

"Yangu."

"Basi, ya Hashil," akasema. Orodha ikishafika Maskati haifunguliwi mpaka duru ya pili, Januari.

Sikumlaumu, wala simlaumu sasa. Nilimtaka anivunjie sheria kwa sababu nisiyoitaja.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimeiondoa amri ya kelele. Wamenitazama kama mzee aliyechanganyikiwa. Hakuna anayeita. Hawajui la kuita.

Jumamosi, 23 Oktoba

Marzouq anakuja mazoezini ijapokuwa hayumo katika timu. Nilimwita kando, nikamwambia najua. Akasema amefurahi, maana siri ilikuwa imemchosha. Nikamwomba radhi. Yeye akaniuliza kama anaweza kumfundisha Wadhah maneno matatu.

Mtoto yule wa mlimani, asiyesema hata Kiarabu chake mwenyewe ila kwa kuombwa, kasimama nusu saa akirudia: kuume, kushoto, mgongoni. Hajaambiwa sababu na hakuuliza.

Jumatatu, 25 Oktoba

Wadhah anachelewa kuita. Neno linamfika wakati mpira umeshapita. Mara mbili kasema kuume kumbe ni kushoto.

Jumatano, 27 Oktoba

Vile vile.

Jumamosi, 30 Oktoba

Silali vizuri. Shukriya kaniuliza nina nini, nikamwambia yote. Akasema nimwambie Bi Radhia. Nikamwambia kijana ni mtu mzima, na ahadi nimeshaitoa. Akasema, "Ahadi ya kunyamaza ni nyepesi kuitimiza, Hashil." Kaondoa vyombo kaniacha na chai yangu.

Mechi imepangwa saa tisa na nusu. Itakwisha saa kumi na moja na robo, jua bado lipo. Nimepiga hesabu hiyo mara kumi.

Alhamisi, 4 Novemba

Naandika leo ya jana.

Saa tisa na nusu timu zote mbili zilikuwa uwanjani. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Tukaambiwa dakika kumi, halafu kumi nyengine. Nikamfuata mwamuzi, akanielekeza kwa kamisaa wa mechi. Kamisaa akanielekeza kwa Ustadh Humaid, naye akanionyesha kiti kitupu chenye kitambaa cheupe, akafungua mikono. Mpira ulianza saa kumi na robo.

Kipindi cha kwanza sitakisahau. Marzouq alikaa jukwaani safu ya chini, nyuma ya benchi letu, akaita kwa sauti ile niliyoichukia. Wadhah naye aliita kila alipoweza. Yazeed alicheza kama mtu aliyepewa ardhi yake. Dakika ya thelathini katoa mpira pembeni kwa Wadhah bila ya kugeuza kichwa, Wadhah kaukata katikati, Mahrous kafunga kwa kichwa. Watu wa Sur walipiga makofi wenyewe.

Mapumzikoni nikamwambia inatosha, apumzike. Jua lilikuwa limeshagusa mlima. Akasema, "Dakika kumi tu, ami. Bado naona." Mimi ni mwalimu, nina miaka hamsini. Neno lilikuwa langu, na nilimpa zile dakika kumi.

Kipindi cha pili mashabiki wa Sur walianza ngoma, na wetu wakajibu kwa ngoma zao. Sauti ya Marzouq ilizama. Niliuona mdomo wake tu, unafunguka na kufungika. Taa za uwanja ziliwashwa, nguzo nne, zile za manjano zinazoangaza wadudu kuliko watu. Pasi ya Yazeed ikaenda nje. Ya pili ikaenda kwa adui. Nikamwambia msaidizi ainue kibao cha kumtoa. Kibao kikainuliwa, namba kumi, lakini mpira haukutoka nje, na mwamuzi hakuweza kusimamisha. Nikampungia mkono Yazeed. Nilisimama ukingoni kabisa nikampungia mikono yote miwili, mita kumi na tano toka kwake, ubavuni mwake.

Beki wa Sur alimjia kwa kulia, mbio, kihalali kabisa, akitaraji kukwepwa kama mtu yeyote anavyokwepa. Yazeed hakukwepa. Hakupepesa hata jicho. Waligongana bega kwa kifua na Yazeed akaanguka juu ya mkono wake, nikasikia mfupa.

Yule kijana wa Sur alipiga magoti akawa anasema, "Hakuniona, wallahi hakuniona." Kila mtu alidhani anajitetea.

Ijumaa, 5 Novemba

Mfupa wa mtulinga, kati ya shingo na bega, umekatika pahala pamoja. Daktari alimmulika machoni kwa sababu alianguka kwa kichwa pia. Akamwita daktari wa macho. Imekwisha, wanajua.

Jumamosi, 6 Novemba

Ustadh Humaid kaniuliza jambo moja tu: nilijua? Nikasema nilijua tangu tarehe kumi na nane. Nilitaraji aniandikie barua, nilikuwa tayari nayo. Akasema, "Ungeniambia siku ile, ningekukatalia vile vile. Nimelifikiria sana usiku, na ningekukatalia." Halafu kamimina kahawa vikombe viwili, tukanywa.

Yazeed kaondolewa masomo ya michezo. Watamtafutia nafasi nyengine mwakani, au hawatamtafutia. Karatasi haikusema wazi.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimekwenda Ibra kumtazama. Nilichelewa kutoka Nizwa, nikafika adhana ya magharibi inaadhiniwa.

Bi Radhia alinipokea mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno marefu njiani tangu Izki. Nikasema, "Nisamehe, Radhia. Nilijua nikamwacha acheze."

Akanitazama. Miaka thelathini na tano imepita, na bado ana ule uso wa msichana wa dawati la mbele. "Mimi nilijua kabla yako," akasema. "Alipokuwa na miaka kumi na mbili alikuwa akipapasa ukuta baada ya magharibi kama kaka zangu. Nilimnunulia viatu vya mpira mwaka ule ule. Ningemwambia nini mtoto, akae asubiri?"

Hakulia. Aliniambia kaka zake hawakukatazwa kitu, nao wakapofuka; angemkataza mwanawe, naye angepofuka. Akaenda kuchukua halwa.

Yazeed alikuwa kakaa uani kwenye mkeka, mkono umefungwa kifuani. Nikasimama mbele yake. Akainua uso, akauliza kwa Kiarabu, "Nani?" Nikajitaja. Akasema shikamoo haraka, akaona haya, akanisogezea mto upande ambao sikuwapo.

Tulizungumza. Marzouq huja kila Alhamisi. Wadhah kamletea makomamanga ya mlimani, hakusema neno, kayaweka kaondoka. Sikuthubutu kuuliza atafanya nini sasa, na yeye hakunambia.

Nilipoinuka kwenda zangu akanishika nguo. "Ami, ukija tena usije magharibi. Njoo asubuhi, nikuone."

Jumatano, 17 Novemba

Mechi ya pili, tumefungwa mbili bila. Fomu mpya za tathmini zimefika.

Ijumaa, 19 Novemba

Nimeondoka Nizwa baada ya sala ya alfajiri. Njiani, Sinaw, walikuwa ndiyo kwanza wanafungua maduka. Nilifika Ibra jua limeshapanda.

Yazeed alisimama nje ya mlango, mgongo ukutani. Nilipomkaribia akasema nisimame hapo hapo, mbele, nisisogee. Nikasimama. Akanitazama kuanzia kofia, akashuka taratibu, kipande kwa kipande, maana hawezi kumwona mtu mzima kwa mara moja. Akafika usoni akakaa hapo.

"Hizi mvi zote umezipata lini?" akauliza.

Nikamwambia sijui. Jua lilikuwa linanichoma shingoni na mfuko wa machungwa niliomletea unaniuma vidoleni, lakini sikubadilisha mkono. Nilibaki vile vile mpaka alipomaliza kunitazama.